Waimbaji Wakongwe wa Kike wa Zanzibar na Tuzo za Muziki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila msimu wa tuzo unapofika, na kila bibi mmoja wa taarab anapotutoka, maswali ni yaleyale. Alipewa nini? Nani alimtunza? Mbona hatukumsikia akitajwa? Nimeyakusanya hapa. Majibu mengine ni marefu kwa kuwa jambo lenyewe ni refu, na mengine yametosha kwa mistari michache.

Kwa nini Zanzibar peke yake, na si Tanzania nzima?

Zanzibar ni nchi ndogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, Unguja na Pemba kwa pamoja. Ina Rais wake na Baraza la Wawakilishi lake, na sanaa na utamaduni havimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Ndiyo maana Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa sheria ya 1984, linasimamia sanaa za Bara, na Zanzibar ina chombo chake, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni (BASSFU).

Lakini mwimbaji wa Unguja akisikia "tuzo za taifa", mara nyingi zinazokusudiwa ni zile zinazotolewa Dar es Salaam. Taarab, ambayo kitovu chake ni Unguja, inapimwa ng'ambo ya bahari kwa vigezo vilivyowekwa huko. Sisemi hivyo kwa kuleta utengano. Ninachosema ni kwamba ukitaka kujua kwa nini mabibi zetu wengi hawana vikombe kabatini, hapo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mkisema "wakongwe" mnawakusudia kina nani?

Kwanza ni Siti binti Saad, ambaye wengine wote wamepita katika njia aliyoifungua. Halafu Fatuma binti Baraka, ambaye dunia inamjua kwa jina la Bi Kidude. Wapo waimbaji wa vikundi vikubwa viwili vya mjini, Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, akiwemo Bi Rukia Ramadhani, ambaye sauti yake mtu wa Unguja huitambua kabla mtangazaji hajamtaja. Yupo Bi Khadija Kopa, aliyeanzia Culture kisha akavukia Bara. Namtaja pia marehemu Bi Shakila Said wa Tanga, aliyeimbia Black Star na Lucky Star na kufariki 2016. Hakuwa Mzanzibari, lakini hakuna harusi ya Unguja iliyowahi kuuliza pasipoti ya wimbo wa Macho Yanacheka.

Nyuma ya majina hayo wako wanawake wengi waliokaa safu ya waitikiaji miaka 20 au 30, na majina yao hayakuandikwa popote. Hao nao wamo katika ukurasa huu.

Siti binti Saad alipata tuzo yoyote?

Enzi zake hakukuwa na tuzo za muziki za taifa. Alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa, na jina hilo pekee linakueleza wazazi wake walikuwa watu wa hali gani. Alikuwa akiuza vyungu. Alihamia mjini 1911, akafunzwa kuimba na wanamuziki wa huko, akaweka makazi Ng'ambo, mtaa wa watu wa kazi.

Kabla yake taarab ilikuwa ya jumba la Sultani. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuileta kutoka Misri, na iliimbwa kwa Kiarabu. Ikhwani Safaa ilipoanzishwa 1905 bado ilikuwa starehe ya wanaume wenye nafasi. Siti akaichukua akaiimba kwa Kiswahili, akaiingizia mambo ya mtaani: mapenzi, jeuri ya mabwana, kesi za mahakamani. Wimbo wake Kijiti unasimulia mwanamke aliyeuawa na muuaji akatoroka kwenda Bara. Watu waliusikiliza kama wanavyosikiliza taarifa ya habari.

Mwaka 1928 alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Hatujui mwanamke mwingine wa Afrika Mashariki aliyerekodi kibiashara kabla yake. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) kikaliita jarida lake Sauti ya Siti. Kwangu mimi hizo ni tuzo mbili zenye uzito kuliko vikombe vingi, ila zote mbili zilikuja akiwa kaburini.

Bi Kidude je?

Alizaliwa kijiji cha Mfagimaringo, Unguja. Mwaka wa kuzaliwa kwake haujulikani. Yeye mwenyewe alikuwa akiupima umri wake kwa zama za rupia. Alimsikiliza Siti tangu utotoni, akazishika nyimbo zake, akaziimba kwa sauti yake mwenyewe nzito yenye mikwaruzo. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonesho makubwa ya muziki wa dunia, huko Newcastle, Uingereza. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alimpa Nishani ya Sanaa na Michezo. Tarehe 17 Aprili 2013 alifariki, na Rais alikuwa miongoni mwa waliohudhuria mazishi yake.

Hebu ziangalie tarehe hizo. Mwanamke huyu alianza kuimba kabla ya vita vya pili vya dunia. Tuzo ya kimataifa ilimfika akiwa bibi kizee, na nishani ya nchi ikamfika miezi michache kabla ya kufa.

Mbona wa nje humwona kabla ya sisi?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo naielewa. Siti alikwenda Bombay, Bi Kidude akaenda Newcastle. Lakini si kweli kwamba watu wa nyumbani hawakuwaona. Waliwaona mno, tena kila wiki, harusini, kwenye unyago, redioni. Mtu uliyemzoea hivyo humfikirii kumwandikia cheti. Ni Bi fulani wa mtaa wa pili, anapita na kikapu chake anakwenda Darajani, unamwamkia "shikamoo Bi", anaitikia, anapita.

Wa nje alikuwa na taasisi: kamati, bajeti, tarehe ya hafla, mpiga picha. Sisi tulikuwa na mapenzi bila taasisi. Na hata pale ambapo taasisi zipo, zimejengwa kwa ajili ya msanii wa aina nyingine kabisa, kama nitakavyoeleza.

Nimesikia kwamba kwenye taarab mwimbaji hutunzwa papo hapo. Hiyo nayo si tuzo?

Ni tuzo, na kwangu ndiyo ya kwanza na ya kweli kuliko zote.

Kwa asiyewahi kuona: wimbo umeshaanza, fidla zimekwishaufungua, mwimbaji yuko beti ya pili. Mwanamke anainuka kutoka viti vya nyuma. Haendi mbio. Noti ameishika juu kwa vidole viwili, ionekane. Anapita katikati ya safu kwa mwendo wa kucheza, taratibu, na ukimtazama vizuri utagundua macho yake hayako kwa mwimbaji. Anamtazama mtu aliyekaa upande wa pili wa ukumbi. Hii ndiyo beti inayomhusu, na ameisubiri tangu jioni. Anafika mbele, anamwekea mwimbaji noti mkononi au anamchomekea kwenye mtandio, anasimama pale mpaka kiitikio kiishe, kisha anarudi alikotoka. Mwimbaji hakukatisha hata neno moja.

Katika tendo hilo moja kuna sifa kwa mwimbaji, shukrani kwa mtunzi, na kijembe kwa yule aliyekaa upande wa pili. Jaji ni mtu aliyeguswa, na anatoa hukumu palepale, mbele ya watu, kwa fedha zake mwenyewe. Hakuna kamati inayoweza kupima hivyo.

Fedha zinakwenda wapi inategemea kikundi. Kwenye vikundi vya asili huwa za wote, zikaingia mfukoni mwa kikundi na kugawanywa au kununulia nyuzi na vyombo. Kwenye vikundi vya kisasa mwimbaji nyota hubaki na fungu lake. Kwa vyovyote vile, kutunzwa kuna kasoro moja kubwa: kunahitaji uwe jukwaani. Siku magoti yakikataa, au pumzi ikikata, noti zinasita siku hiyohiyo. Mwimbaji wa miaka 75 aliyekaa nyumbani, ambaye wimbo wake unapigwa kwenye harusi ya jirani kwa spika, hatunzwi na mtu.

Ndiyo sababu nasema tuzo za taifa zina kazi maalumu kwa mabibi hawa. Vijana wana jukwaa. Mkongwe anahitaji kitu kitakachomfuata alipokaa.

Tuzo za Muziki Tanzania zinafanyaje kazi, na taarab imo?

Zilianza 1999. Kwa miaka mingi watu walizijua kwa jina la bia ya mdhamini wake. Baada ya 2015 zilisimama, zikarudi 2022 chini ya BASATA. Taarab imekuwa na vipengele vyake, na Wazanzibari wameshindanishwa humo.

Kuhusu jina la bia, nitasema wazi. Mwimbaji mzee wa Kizanzibari, aliyekwenda Hija, anayeamka alfajiri kusali, kumwita apande jukwaani chini ya bango la bia ni kumtia katika mtihani ambao hakuuomba. Wapo waliokwenda na siwalaumu hata kidogo. Wapo ambao hawakuweza. Mdhamini ana haki ya kutangaza bidhaa yake, ila tuzo inayobeba jina la taifa inatakiwa iwe na mlango ambao kila mwananchi anaweza kuupita bila kuinamisha uso.

Kwa nini mwimbaji mkongwe hashindi katika vipengele vya kawaida?

Kwanza, tuzo za namna hii hupima kazi zilizotoka katika kipindi fulani, kwa kawaida mwaka mmoja. Nyimbo kubwa za mabibi hawa nyingi zilirekodiwa miaka ya 1960 hadi 1980 katika studio ya redio, Sauti ya Tanzania Zanzibar, na hazina "tarehe ya kutoka". Zilirekodiwa, zikapigwa hewani, zikaingia masikioni mwa watu. Utaziweka katika mwaka gani?

Pili, kura. Sehemu ya ushindi huamuliwa na kura za watu kwa simu au mtandaoni. Bibi aliyempenda mwimbaji huyu kwa miaka 50 hana bando la kupigia kura, na pengine simu yake ni ya kitochi.

Tatu, video. Nne, meneja wa kujaza fomu na kupeleka kazi. Mkongwe anaye mjukuu, basi.

Tano, na hili watu hulisahau, taarab asilia na taarab ya kisasa hutiwa kapu moja. Wimbo wa dakika 12 wenye ala za udi, kanuni, nai na safu ya fidla unashindanishwa na wimbo wa kinanda uliotengenezwa kwa ajili ya kuchezwa. Zote ni taarab na sizibagui, rusha roho nimeicheza sana. Lakini hazipimwi kwa mizani moja. Kama kuna badiliko moja ambalo lingefanyika kesho bila gharama yoyote, ni kuzitenganisha.

Si ipo tuzo ya heshima kwa wakongwe?

Ipo, na ni jambo jema. Tatizo ni kwamba nafasi yake kwa mwaka ni moja au mbili kwa nchi nzima, na mabibi wa taarab wanasimama foleni moja na wapiga dansi, wanakwaya, vikundi vya ngoma na bendi za zamani. Ukihesabu umri wao na urefu wa foleni, hesabu haikubali.

Nishani ya Rais na tuzo ya muziki ni kitu kimoja?

Hapana. Nishani ni heshima ya dola, hutolewa na Rais katika sherehe rasmi. Rais wa Zanzibar anazo zake, ikiwemo Nishani ya Mapinduzi na Nishani ya Watu Wenye Sifa Maalum. Haihitaji kura wala wimbo mpya, inapima maisha ya mtu. Kwa mkongwe, nishani inamfaa kuliko kikombe cha wimbo bora. Ila medali haina posho ya kila mwezi ndani yake.

Kwani wazee wa Zanzibar hawapati pensheni?

Wanapata. Pencheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa. Mwimbaji anaipata kama anavyoipata mvuvi na mkulima wa karafuu, na hivyo ndivyo inavyopasa. Naitaja kwa sababu mara nyingi mtu hujibu, "lakini serikali inawalipa." Inawalipa kwa uzee wao. Kwa nyimbo zao, bado.

Basi nyimbo zile ni za nani hasa? Si za mwimbaji?

Hapa ndipo penye fundo, kwa hiyo vumilia kidogo.

Wimbo wa taarab asilia una watu wanne. Kuna mtunzi wa mashairi. Kuna aliyeutia muziki, mara nyingi fundi wa udi au fidla. Kuna mwimbaji, ambaye katika vikundi kama Culture na Ikhwani Safaa hupangiwa wimbo na viongozi kwa kuangalia sauti yake. Na kuna kikundi chenyewe, ambacho ndicho kilichokwenda studio. Msikilizaji humkumbuka mwimbaji tu. Anasema "wimbo wa Bi fulani". Karatasi, kama ipo, inasema wimbo wa kikundi fulani.

Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya 2003 na ofisi yake, COSOZA, inayosajili kazi na kugawa mirabaha. Sheria inamtambua mtunzi, na inamtambua mwimbaji pia kwa ule uimbaji wake. Lakini mirabaha hufuata usajili. Wimbo uliorekodiwa 1975, mtunzi amekufa, fundi amekufa, kikundi kimebadili viongozi mara kadhaa, na mwimbaji hakuwahi kusaini chochote: atausajili kwa ushahidi gani?

Kuna na historia ya siasa ndani yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 vikundi viliwekwa chini ya chama na serikali. Ikhwani Safaa ikaunganishwa na tawi la Afro-Shirazi la Malindi, na hadi leo kuna watu wanaiita "Malindi". Katika zama zile, kuimba kulikuwa sehemu ya ujenzi wa taifa. Hakuna aliyewaza kumwuliza mwimbaji kama ana mkataba, na yeye mwenyewe angeshangaa kuulizwa. Simlaumu mtu wa zama zile kwa kutofuata desturi za leo. Lakini redio bado zinazipiga nyimbo zile leo, na harusi za leo bado zinachezewa nyimbo zile, kwa hiyo deni ni la leo.

Kijana akirudia wimbo wa mkongwe, tuzo ni ya nani?

Kurudia nyimbo ni desturi ya taarab tangu zamani. Bi Kidude aliziimba nyimbo za Siti maisha yake yote, na hakuna aliyesema ameiba, alizihifadhi. Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa albamu ya Siti of Unguja mwaka 2020 akiziimba tena nyimbo za bibi yake kwa vyombo vipya. Huo ni urithi unaokwenda mkono kwa mkono.

Kisichofaa ni kijana kuchukua kiitikio, kukiweka katika wimbo wake, ukashika chati, ukapata tuzo, na jina la mwenye sauti ya kwanza lisitajwe hata pale chini kwenye maelezo ya video. Anayetoa tuzo angeweza kuweka sharti dogo: fomu itaje mwimbaji na mtunzi wa asili, la sivyo kazi isipokelewe.

Vikundi vya wanawake watupu vilikuwepo?

Vilikuwepo, tena vyenye nguvu. Mjini Unguja, kabla ya Mapinduzi, palikuwa na vikundi kama Sahib el Arry, Royal Navy na Nuru el-Uyun, vyenye wanachama wanawake, sare zao na uhasama wao. Walikuwa wakipashana kwa nyimbo na kushindana kwa mavazi mpaka mji mzima unagawika. Katika zama zetu, Bi Mariam Hamdani, mwandishi wa habari, alianzisha Tausi, kikundi ambacho wanawake hawaimbi tu bali wanapiga vyombo wenyewe. Nasisitiza hilo la vyombo kwa sababu kwa miaka mingi mwanamke alikuwa sauti na mwanamume ndiye fundi, na fundi ndiye aliyekuwa akiandikwa jina.

Nyimbo za unyago zinaweza kupewa tuzo?

Ni swali zito. Unyago ni mafunzo ya wanawake kwa wanawake, na nyimbo zake zina maneno yasiyosemwa mbele ya wanaume wala watoto. Bi Kidude alikuwa somo, yaani mwalimu wa unyago, na ni yeye aliyeipandisha ngoma ya msondo jukwaani mbele ya watu wa kila aina: ameisimamisha, ameifunga kiunoni kwa kanga, ameinama nayo kidogo, anaipiga kwa viganja vyote viwili huku akiimba. Waliomwona hawasahau. Wapo mabibi wenzake ambao hawakupenda, wakiona mambo ya ndani yametolewa nje.

Mimi nadhani unaweza kumpa heshima somo bila kumtaka aimbe hadharani kile anachokifundisha ndani. Mtunuku kwa ualimu wake.

Na yule aliyeacha kuimba na hataki kukumbushwa?

Wapo. Mmoja aliolewa na mume hakutaka, mwingine ametubu, mwingine wanawe ni watu wa dini na anawastahi. Tangazo la ghafla kwamba Bi fulani "ameteuliwa" linaweza kuleta fitina ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo kabla ya kumpendekeza mtu, mwendee. Nenda na mtu wa makamo anayemjua, keti, mwulize. Akikataa, amekataa, na heshima yake haijapungua kwa hilo.

Khadija Kopa na Zuchu: mama na mwana, mbona hali zao tofauti?

Bi Khadija Kopa alizaliwa Unguja, akaanzia Culture, kisha akavuka kwenda Dar es Salaam kujiunga na Tanzania One Theatre (TOT) zile enzi za mvutano na Muungano Cultural Troupe, akapata jina la Malkia wa Mipasho. Alijenga jina kwa kuimba ukumbi baada ya ukumbi, usiku baada ya usiku. Binti yake Zuhura, anayejulikana kama Zuchu, alitambulishwa na lebo ya WCB Wasafi mwaka 2020, na ndani ya miezi nyimbo zake zilikuwa zimesikilizwa na mamilioni.

Watu hupenda kulinganisha vipaji vyao. Mimi naangalia karatasi. Kila wimbo wa Zuchu una tarehe, una mmiliki, una takwimu za wasikilizaji zinazoonekana na kila mtu, na tuzo zinajua namna ya kusoma vitu hivyo. Kazi za mama yake nyingi ziliishia kwenye kanda za kaseti zilizodurufiwa mitaani. Ukimsikiliza Zuchu anavyovuta neno mwisho wa mstari, unamsikia mama yake waziwazi, ila hakuna kipengele cha tuzo kinachopima hilo.

Ungepewa nafasi, ungepanga tuzo ya namna gani?

Chanda chema huvikwa pete, nasi tumechelewa kuvika. Ningeanza na daftari kabla ya kikombe: BASSFU ya kila wilaya ikishirikiana na vikundi, waorodheshwe wote walioimba miaka 25 na zaidi, Unguja na Pemba, pamoja na waitikiaji. Kila mwaka watunukiwe kumi, si mmoja. Tuzo yenyewe iwe na vitu vitatu ndani: fedha ya kila mwezi kwa maisha yake yote hata kama si nyingi, msaada wa kusajili nyimbo zake COSOZA, na siku mbili za studio kurekodi sauti yake akieleza nyimbo zake zilitoka wapi. Hafla ifanyike mchana, pasiwe na bango la kumwaibisha, na atakayeshindwa kuja apelekewe kwake.

Pemba nimeitaja kwa makusudi. Mara nyingi tukisema Zanzibar tunamaanisha Mji Mkongwe, na waimbaji wa Wete na Chake Chake wanasahaulika mara mbili.

Mimi si mtu wa serikali. Naweza kufanya nini?

Unapomwalika mwimbaji mkongwe kwenye shughuli yako, mlipe kabla hajaondoka, tena ada kamili na nauli. Unapoweka wimbo wake mtandaoni, andika jina lake, la mtunzi na la kikundi. Ukiwa mtangazaji, mtaje kila wimbo unapoisha. Inachukua sekunde tatu. Ukiwa kiongozi wa kikundi, toa nakala za kumbukumbu zako kwa familia za waliotangulia.

Nianze kusikiliza wapi?

Msikilize Bi Kidude katika Kijiti na Muhogo wa Jang'ombe, kisha tafuta santuri za Siti zilizosalia, zina kelele lakini sauti ipo. Halafu Bi Rukia Ramadhani na Ikhwani Safaa, na Bi Shakila. Ukitaka kuona kwa macho, tamasha la Sauti za Busara hufanyika Februari tangu 2004, na chuo cha muziki cha DCMA, kilichofunguliwa 2002, kimefundisha vijana wengi vyombo vya taarab.

Nina kaseti za marehemu bibi, zina taarab ya zamani. Nizifanye nini?

Usizichezeshe kwanza. Utepe wa miaka 40 uliokaa kwenye joto na unyevu wa pwani hushikamana, na ukiulazimisha unakatika au unafuta sauti. Ziweke pakavu, mbali na jua na spika, zikiwa zimesimama wima kwenye makasha yake. Tafuta fundi mwenye redio ya kaseti iliyosafishwa kichwa, azihamishie kwenye kompyuta kwa mkupuo mmoja. Na kabla ya hayo yote, mkalishe mzee wa nyumbani anayezijua kaseti hizo, mwambie akutajie nani anaimba na nani anaitikia, uandike kila jina kwenye karatasi ya kasha. Kazi hiyo ifanye wiki hii.